Mara ya Tatu Alicheka

Mume wangu Crescencio Tlapale alifagia uwanja wa kanisa miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyemjali mpaka siku alipovalishwa suruali ya kimjini. Ulikuwa mwaka ule Mexico ilipotimiza miaka mia ya uhuru. Gavana alikuwa anakuja kufungua mnara, na bwana mmoja wa mji mkuu akaletwa na mtambo wake wa sinema. Amri ikatoka: mwenye nguo za shamba asionekane, wala mwenye miguu mitupu. Yaani sisi! Sherehe ya uhuru wetu, halafu tufichwe kama uchafu!

Polisi wakawasomba wachuuzi, wakatufungia kwenye zizi la mnada nyuma ya uwanja. Tutatoka picha ikiisha, walisema. Mama mkwe wangu Hilaria, muuza tamale, zile andazi za mahindi za kufungwa majani, alikuwa humo na pumu yake, na mimi nimo, kwa kosa la kumbebea sufuria. Vumbi la samadi likamkaba. Nilimpakata, nikapiga kelele mlangoni, wapi!

Lakini uwanja ulibaki mtupu, na gavana hawezi kushangiliwa na njiwa. Basi wakachagua wanaume arobaini, wakawapa suruali na viatu vya kuazima. Crescencio aliwekwa mbele kabisa kwa sababu ana meno mazuri. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Nabor kinyozi, aliyesimama ubavuni pake.

Gavana akashuka garini. Mtambo ukaanza kunguruma. Hilaria akaita kutoka zizini, "Cresce! Mwanangu! Nakosa pumzi!" Crescencio akageuka.

"We mfagizi!" mwenye mtambo akafoka. "Tazama huku! Umeniharibia picha."

"Mama yangu yuko kule, bwana. Anaumwa."

"Picha ikiisha atatoka. Ukiiharibu tena, akae hukohuko. Shauri yako."

Mwenye nguvu mpishe. Gavana akarudi garini, akashuka tena. Mama akaita tena, na Crescencio akageuka tena. Jamani, ni mama yake, angefanyaje?

Nabor akamnong'oneza, "Cheka, ndugu yangu, cheka wamtoe! Na mimi hivi viatu vinaniua."

Gavana akashuka mara ya tatu, na Hilaria akaita kwa sauti iliyokwisha. Crescencio akacheka. Alitoa meno yote nje, akapunga kofia mpaka mtambo ukanyamaza. Kisha akakimbilia zizini, viatu akavitupa njiani.

Tulimtoa mzee akiwa hai. Miezi miwili baadaye hema la sinema likaja, na Hilaria akang'ang'ania kwenda kumwona mwanawe. Crescencio alimsihi asiende. Alikwenda, kanishika mkono.

Kwenye kitambaa cha picha gavana akashuka. Crescencio akacheka, mkubwa kuliko mlango. "Huyoo Cresce!" watu wakashangilia. Hilaria akaniminya mkono.

"Ndiyo saa ile nilipokuwa namwita?"

"Ndiyo, mama, lakini aligeuka! Mara mbili! Picha hizo walizitupa."

"Macho hayana pazia, Tomasa. Mimi nimeona anacheka."

Tangu siku ile hakumwita tena kwa jina. Akitaka maji, anagonga kikombe kwenye kitanda. Crescencio anakuja mbio, anapiga magoti. "Niite, mama. Niite tu, nasikia." Hilaria anapokea maji, anakunywa, halafu anageukia ukutani.