Hirizi Chini ya Antena

Bezeid alikuwa dereva wa Pijo ya abiria, Nuakshoti hadi Atar, na mama yake alikuwa mgonjwa. Mama anakaa mahemani, upande wa Ujeft, simu hakuna. Habari za huko zinakuja kwa njia moja tu, matangazo ya jioni redioni: fulani bin fulani, ngamia wako wameonekana kisima fulani, fulani bin fulani, mkeo kajifungua. Saa hiyo nchi nzima inanyamaza. Redio ya Bezeid ndiyo ilikuwa hainyamazi. Ukiwasha injini inalia, ukikanyaga mafuta inapanda kama mbuzi anayechinjwa.

Akampelekea Yeslem, fundi umeme. Yeslem akazima injini, mlio ukakata. Akawasha, ukarudi. Akachomoa waya wa antena nyuma ya redio: kimya.

"Kelele inaingilia kwenye antena," akasema. Akapanda juu ya gari, akafungua nati. Chini ya kitako cha antena kulikuwa na hirizi ya ngozi nyekundu, imebanwa kama gasketi.

"Nani kaweka hii?"

"Mama."

"Basi mama yako ndiye kakuziba masikio. Kitako lazima kiguse bati. Ngozi haipitishi umeme. Toa, nikwangue rangi, tumalize."

"Hiyo haitolewi."

"Ining'inize kwenye kioo kama wenzako."

"Aliyeiandika alisema ikae juu. Gari la Sidati, dereva mwenzangu, lilipinduka bondeni, mimi niko nyuma yake, sikupata hata pancha. Kaza nati, kaka."

Yeslem akakaza. "Haya. Mbuzi akilia, usinirudie."

Jioni yeye na abiria wake walikuwa karibu na njia panda ya Ujeft. Stata mbovu, kwa hiyo Bezeid alikuwa hazimi gari ovyo. Katikati ya ule mlio akasikia, "...Bezeid uld Mahfudh..." Akazima injini palepale. Kimya kikaja, lakini mtangazaji alishahamia kwa ngamia wa mtu mwingine.

"Amesema nini?"

"Jina lako, mwanangu," akajibu bibi mmoja kiti cha nyuma. "Na mama yako. Kati hapo ni makelele matupu."

"Redio gani hii," akasema muuza tende. "Bora ufuge kunguru."

Wakashuka, wakalisukuma gari mpaka likawaka. Bezeid akawaangalia, hakujua aombeje.

"Kata kona, twende kwa mama yako," bibi akasema. "Atar haihami."

Wakafika mahemani. Shangazi yake akatoka peke yake, akashangaa.

"Umekuja huku kufanya nini?"

"Mama yuko wapi?"

"Si tumempeleka hospitali Atar? Tumetangaza: mama yako yuko Atar, anakuulizia, wahi. Hata wachunga ngamia wamesikia, wamekuja kunipa pole. Wewe unatoka Nuakshoti, Atar ilikuwa mbele yako."

Akageuza gari. Mchanga ukawanasa, wakachimba, wakasukuma tena. Alipofika Atar asubuhi, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, nguo zimejaa vumbi. Mjomba wake akampa mkono.

"Mpaka mwisho anauliza kila gari linalosimama nje, ni lako? Tunamwambia anakuja, katangaziwa. Ulikuwa wapi?"

"Ujeft."

"Ujeft?"

"Redio ilikuwa na kelele, mjomba."

"Kelele," akasema mjomba. Akaachia mkono wake, akaenda kuwapokea wageni wengine.