Mabao Tisa ya Fundi Vioo

Mtaani kwetu kulikuwa na fundi vioo ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Tisa. Wadogo hawakujua jina limetoka wapi. Wakubwa walijua, na hakuna aliyeweza kulieleza bila kucheka: zamani alikuwa kipa wa timu ya mtaa, na Jumapili moja alifungwa mabao tisa.

Mwenyewe aliitika.

"Tisa, una kioo cha milimita nne?"

"Ninacho. Dirisha lako lina upana gani?"

Hakuwahi kununa. Alikuwa mtu wa maneno machache, vidole vyake vimejaa makovu membamba, na alipokuwa kazini hata wapiga soga wa barazani walinyamaza. Aliweka rula, akachovya kikatio kwenye mafuta ya taa, akavuta mstari mmoja tu, kisha akagonga kwa chini kwa kifundo cha kidole. Kioo kikaachana vipande viwili kama vilivyokwisha kukubaliana.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule. Waliishi wawili tu, vyumba viwili nyuma ya karakana. Hawakuwa wagomvi. Ila ukikaa nao kidogo ungeona kwamba wanazungumza habari za vitu tu: chumvi imekwisha, bomba linavuja, leo turubai lianuliwe mapema. Mtu akianzisha hadithi ya yale mabao tisa, mke alichukua ndoo yake akaenda zake.

Jambo ambalo mtaa haukulijua ni hili. Jumamosi moja, miaka kumi na minane nyuma, mke alijifungua kwa upasuaji. Mtoto wa kiume aliishi saa sita. Mama alipozinduka vizuri, mtoto alikuwa ameshafunikwa, na hakumwona. Jumapili asubuhi baba na shemeji yake walikwenda kumzika, wawili tu. Kutoka makaburini fundi alipitiliza wodini, viatu bado vina udongo, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mkewe akageukia ukutani.

"Leo si mna mechi?" akasema. "Nenda mpirani kwako."

Naye akanyanyuka akaenda.

Timu ilikuwa hoi. Ilikuwa na wachezaji kumi na wawili na jezi kumi na moja, mwenyekiti wake ndiye aliyekuwa pia dereva na mchua misuli, na kipa wa akiba alikuwa amehama mji. Fundi alivaa glavu, hakumwambia mtu neno, akaenda kusimama golini. Kufikia bao la tano mashabiki wote walikuwa wameshaondoka, wengine wakitukana, wengine wakicheka. Alibaki msichana mmoja wa miaka kumi na mitano, nyuma ya nyavu, akipiga debe la mafuta kwa kijiti cha ufagio. Huyo hakukosa mechi hata moja. Mama yake alidhani anakwenda masomo ya ziada.

Timu ile ilishuka daraja, kisha ikafa. Msichana wa debe akakua, akasomea filamu, akaenda kuishi mbali.

Mwaka huu akarudi. Siku moja alisimama mlangoni pa karakana, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, miwani imepandishwa kichwani.

"Shikamoo, kaka Tisa."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Debe!"

Fundi akacheka kwa furaha ya kweli, akafuta kiti kwa shati lake. Debe akamweleza kwamba ametengeneza filamu ya kuchekesha, habari za msichana anayeishabikia timu mbovu kuliko zote duniani. Itaonyeshwa ukumbi wa manispaa, Jumamosi. Akamkabidhi kadi mbili za mwaliko.

"Uje na dada. Na wewe umo humo ndani, kaka, usije ukaninunia."

Fundi akaisoma kadi. "Saa tisa alasiri," akasema. "Hata saa nayo inanitania."

Alidhani mkewe atakataa. Mke aliitazama kadi, akasema tu kwamba gauni lake la maua halina kifungo kimoja, na usiku ule akakishona.

Ukumbi ulifurika. Wale wachezaji wa zamani walikuja na vitambi vyao, wakakaa safu moja kama waliokaa benchi. Filamu ikaanza, na kusema haki ilikuwa nzuri. Msichana anaiba chokaa ya baba yake, fundi wa kupaka rangi, ili achore mistari ya uwanja. Anawashawishi wapiga tarumbeta waliotoka harusini wapite mpirani. Anamdanganya refa kwamba mkewe amejifungua mapacha, refa anakimbia na filimbi mdomoni. Watu waliangua vicheko, wakapigana mabegani. Fundi naye alicheka.

Kisha likaja lile bao la sita. Mchekeshaji mnene, glavu kubwa kama mito ya kulalia, anakaa kitako chini ya nguzo ya goli. Anafunika uso kwa glavu. Anaanza kukoroma. Mende anapanda mguuni, mpira unakuja polepole, unampita, unaingia. Msichana anapiga debe kumwamsha. Ukumbi mzima ukapiga kelele, "Tisa! Tisa!" na waliokuwa mbele wakageuka kumtafuta. Fundi akanyanyua mkono kuwasalimu, huku anatabasamu, maana kutabasamu huko alikuwa amekuzoea.

Akageuza macho kwa mkewe. Mke alikuwa ameweka kiganja mdomoni, macho kwenye skrini, na hakuyaondoa hata picha ilipobadilika.

Walipotoka nje, Debe alikuwa kwenye ngazi akipokea pongezi. Mke wa fundi akapenya katikati ya watu mpaka akamfikia.

"Mdogo wangu, hiyo ya kipa kulala, uliitunga?"

"Wala sikutunga, dada! Mende tu ndiye wangu. Mengine niliyaona kwa macho yangu, nilikuwa nyuma yake hapo. Alikaa chini, akafunika uso kwa glavu, mabega yakawa yanapanda yanashuka. Nikasema, jamani, huyu anakoroma! Nikampigia debe."

"Hakuwa amelala," mke akasema. "Asubuhi ile alitoka kumzika mtoto wetu."

Debe alibaki na mkono umenyooshwa kwa mtu aliyetaka kumpongeza. Kisha akakaa kwenye ngazi, palepale, na gauni lake zuri.

"Nitaitoa," akasema. "Kaka, nitaitoa ile sehemu."

"Si imeshapelekwa kumbi nyingine?" fundi akauliza.

"Imepelekwa. Na televisheni wameshaichukua."

"Basi iache."

Debe akaanza kulia, na aliyembembeleza alikuwa fundi. Alichuchumaa mbele yake kwa tabu, magoti ya kipa mstaafu hayakunjiki vizuri. "Ulikuwa mtoto," akamwambia. "Na wewe ulibaki. Wenzako wote walishakwenda nyumbani."

Nyumbani mke hakuvua viatu. Alikaa kwenye kiti cha jikoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia niende."

"Nilikwambia uende ili ubaki!"

Fundi akatazama mikono yake. "Ulinigeuzia mgongo. Nilidhani hutaki kuniona."

"Na mimi nilidhani umemsahau siku ileile. Nikasema moyoni, huyu mtu ametoka makaburini akaenda kucheza mpira." Akapandisha sauti. "Miaka kumi na minane nimekupikia huku nikikuchukia, kidogo kidogo, kila siku. Miaka hiyo nani atanirudishia?"

Fundi akakaa sakafuni karibu na kiti cha mkewe, na walikaa hivyo mpaka maji yaliyokuwa jikoni yakakauka na sufuria ikaanza kunuka.

Filamu ilipata sifa. Ikarushwa kwenye televisheni mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na watoto wakipita karakana walikoroma kisha wakatimua mbio. Debe alipiga simu, akaomba walau aweke maneno mwishoni, aeleze ukweli. Fundi akakataa. Alisema hayo ni mambo ya ndani ya nyumba, na watu waliokwenda kucheka waachwe wacheke. Mkewe hakukubaliana naye, akamwambia hivyo waziwazi, na hilo lenyewe lilikuwa jambo jipya mle ndani.

Jumapili moja mke akasema, "Nipeleke alipo."

Walikwenda asubuhi, wamebeba jembe na panga. Makaburi yalikuwa yamepanuliwa. Uzio wa waya ambao fundi aliukumbuka haukuwepo tena, pamejengwa ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa mbele zaidi. Jiwe alilokuwa ameliweka lilikuwa moja kati ya mawe mengi, na majani yalifika magotini. Alihesabu hatua kutoka kwenye njia, akarudi, akahesabu tena.

"Hapa?" mke akauliza.

"Hapa." Akasita. "Au pale. Nisamehe, mwenzangu. Ni hapa au pale."

Mke alipiga magoti akaanza kung'oa majani hapa, akasogea mpaka pale. Fundi akaanzia upande wa pili. Jua lilipokuwa kali walikuwa wamesafisha eneo kubwa kuliko kaburi la mtu mzima, kwa ajili ya mtoto aliyebebwa kwa mkono mmoja.

"Alikuwa anafanana na nani?" mke akauliza bila kunyanyua kichwa.

"Wewe. Kipaji cha uso, mdomo, vyote vyako. Masikio tu ndiyo yangu."

"Alilia?"

"Alilia kidogo. Nilipompa kidole alikishika, akanyamaza."

Mke akakaa kwenye udongo, mikono imechafuka mpaka viwikoni.

"Nieleze tena," akasema. "Anza mwanzo, ulipomchukua kwa nesi."