Herufi Nilizozitupa

Kuna asubuhi moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa Embu mjini na Mwalimu Wawira, mama aliyeacha kufundisha hesabu akafungua ofisi ya kompyuta. Nilikuwa nimeandika programu ya kupokea barua pepe za maabara na kupeleka majibu ya damu kwa zahanati za Mbeere.

Barua pepe haisafiri kama maneno. Husafiri kama baiti, namba tupu, na programu ndiyo huzigeuza ziwe herufi. Yangu ilikwama kila ikikutana na herufi ũ na ĩ za majina yetu ya huku Embu. Nikachoka, nikaiamuru: usichokielewa, kitupe. Ikanyamaza, nami nikajisifu. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Simu ikalia. Alikuwa sista, muuguzi wa zahanati ya Ishiara. "Kuna mama hapa, Njerĩ, amejifungua, anavuja damu vibaya. Hapa nina mzee Njerũ pia, na majibu yote mawili yameandikwa J. Njer! Moja ni damu ya kundi A, lingine B. Nimwekee mama ipi?"

Nikabahatisha: "Nadhani ni B..."

Mwalimu akaninyang'anya simu. "Sista, usimwekee kitu bado. Usikate." Akanigeukia. "Barua zenyewe, vile zilifika, ziko wapi?"

"Nilizifuta, Mwalimu."

"Mimi sikuzifuta."

Akafungua nakala zake, akasoma baiti moja moja. Jina moja liliishia C4 A9, lingine C5 A9, kwani baiti huandikwa kwa tarakimu zinazochanganya namba na herufi. Tarakimu moja tu ndiyo iliyoyatenganisha, mwanangu! Akafuatisha kwa kidole jedwali la Unikodi, linaloonyesha kila herufi na baiti zake, nami namsikia sista akihema kwenye simu.

"C4 A9 ni ĩ," akasema. "Huyo ndiye Njerĩ. Damu yake ni A."

Mama yule alipona. Mwalimu hakunifokea. Aliniuliza tu, polepole: "Nani alikwambia utupe jina la mtu kwa sababu wewe hujui kulisoma?" Nilitoka nje nikalia.

Basi sikia. Baiti zikiingia, zihifadhi zilivyo. Ulizia kwanza zimeandikwa kwa mfumo gani, ndipo uzigeuze maandishi, usibahatishe. Ukituma, yageuze tena yawe baiti kwa mfumo uleule ulioutangaza kwenye barua. Na programu ikilalamika, usiizibe mdomo, maana mficha maradhi kilio humfichua.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe subira kazini, na mtu usiyemjua kamwe aamke mzima kwa sababu ulifanya yako vizuri.