Gunzi Nililozika Nyuma ya Nyumba

Nimerudi Nakivale, kambini kwetu, kwa likizo, na harufu ya mahindi ya kuchoma imenipokea kabla sijaweka begi chini. Wengine huwapa njaa. Mimi hunipa hasira. Ngoja nikuambie, kwa kuwa wewe hutanicheka, na shuleni Mbarara sijawahi kumwambia mtu.

Nilipokuwa na miaka saba nilijua sala za aina tatu. Ya kanisani, chini ya paa la turubai, wote wakipaza sauti kwa wakati mmoja mpaka ngoma haisikiki. Ya kwangu, ya kuomba vitu: viatu, mvua isinyeshe Jumapili, kuku wetu arudi. Kuku alirudi, kwa hiyo sikuwa na shaka yoyote. Na ya koko, mama wa mama yangu, aliyenilea. Alisali akichambua maharage, punje zikigonga sinia: "Mungu wangu, batoto bakule." Watoto wapate kula, basi. Hakuongeza kitu.

Kisha koko akaugua, wakampeleka hospitali Mbarara. Mke wa mchungaji akatangaza mfungo wa siku tatu, wakubwa mpaka jioni, watoto mpaka saa sita mchana.

"Mungu anasikiaka batoto mbio mbio," aliniambia, akinishika kichwa. "Wewe ndiye utamurudisha koko yako."

Nilijiona mtu mkubwa kabisa.

Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, jirani asiye wa kanisa letu alinipa hindi. Nililila nyuma ya nyumba likiwa bado moto, nikazika gunzi. Jioni habari ikaja kwamba koko amefariki.

Msibani mke wa mchungaji alisimama. "Kuna mutu alivunja mufungo. Anajijua."

Toka siku hiyo sikuomba tena kitu. Shuleni wakisali, nafumba macho nangoja amina. Miaka tisa nimeamini nilimuua koko kwa hindi moja. Mtoto mwenye njaa anatwishwa maiti, na aliyemtwisha anakaa chini kunywa chai ya msiba.

Leo asubuhi mke huyo huyo wa mchungaji ametangaza mfungo mwingine, kwa ajili ya mama yetu mdogo aliyelazwa. Saa nne haijafika, nimemkuta mdogo wangu wa miaka sita nyuma ya nyumba, masizi mdomoni, hindi lililoliwa nusu kando yake, anachimba kwa kijiti.

"Dada, nimekula. Mama mudogo atakufa?"

"Akikufa, haitakuwa sababu yako."

"Mama Pasta alisema..."

"Najua alisema nini. Mimi pia nilikula."

Akaacha kuchimba. "Ulikula nini?"

"Hindi. Kubwa kuliko lako."

Tumelimaliza pamoja. Gunzi sikuliacha lizikwe. Nimelibeba mpaka uani walikokaa wanawake wa kanisa, mimi ambaye darasani sinyooshi mkono, nikaliweka kwenye mkeka mbele ya mke wa mchungaji.

"Mama Pasta, mutoto amekula. Nami nilikula, mwaka ule wa koko. Usimwambie mambo uliyoniambia mimi."

Yeye aliangalia gunzi, akavuta kitenge chake magotini.

Yule mtoto niliyekuwa, aliyeomba na kuku akarudi, sijui yuko wapi, na watu wa kanisa sitawasamehe upesi kwa kumpoteza. Ila mchana, mdogo wangu akimega bugali bila kuangalia huku na huku, nilisikia sauti ndogo ikitoka mdomoni mwangu, maneno mawili tu. Batoto bakule.