Springi ya Mtu wa Kilo Sabini na Nane

Shemeji yangu alitumia miezi kumi na minne kuchagua baiskeli. Kwa muda huo wenzake wanachumbia, wanaoa, wanapata mtoto na kuanza kujuta. Yeye alikuwa bado analinganisha breki.

Namwita shemeji kwa mazoea. Dada yangu, aliyekuwa mkewe, alipata kazi nchi ya mbali. Akatangulia kwenda kutengeneza mazingira, na mazingira yakatengenezeka vizuri hadi hayakuhitaji tena mume. Ndoa iliisha kwa simu ya dakika sita. Shemeji mwenyewe ndiye aliyeniambia kuwa ni sita, maana ni mtu wa kupima. Hiyo ni miaka miwili sasa. Neno shemeji halikupata mtu wa kulifuta, likabaki.

Kazi yake ni kukata vioo vya miwani. Anakaa nyuma ya duka, kwenye chumba chenye mashine ya kusagia, taa ya shingo ndefu na kiti kimoja, akifuata alama za wino ili kioo kisizidi wala kupungua. Wateja huongea na dada wa mapokezi. Yeye wanamwona kupitia kidirisha, macho na paji la uso tu, kama picha ya kitambulisho iliyokatwa vibaya. Kazini wanamwita Milimita, naye anaitika.

Siku moja mwalimu wa kemia alileta miwani iliyovunjika mkono, na mkono wake mwenyewe umechubuka hadi begani. Dada wa mapokezi alikuwa ameenda kula, kwa hiyo Milimita akatoka mwenyewe. Mwalimu akamsimulia kwamba kila Jumapili yeye na wenzake watano hupanda mlima kwa baiskeli, kisha wanashuka juu ya mawe na mizizi kama watu wanaofukuzwa. Mchezo wenyewe unaitwa enduro. Shemeji akairekebisha miwani, akakataa malipo. Mwalimu akiwa mlangoni akasema, "Siku moja njoo twende. Ila uje na baiskeli ya kweli. Ile njia inatafuna."

Watu husema "siku moja njoo" kama wanavyopiga chafya. Shemeji aliipokea kama barua ya kuitwa kazini.

Ndivyo alivyoanza kuja kwenye karakana yetu ya baiskeli zilizotumika. Mimi nafanya kazi pale tangu mimi na diploma ya ufundi mitambo tulipoachana katikati. Mwenye karakana ni mama mmoja mpana, mikono myeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko, watu wote wanamwita Mama Spana. Kila Jumamosi saa nne kamili Milimita alikuwa mlangoni na rula yake ya chuma mfukoni.

Baiskeli ya enduro si hii ya kwendea dukani. Ina shokapu mbele na nyuma, na gurudumu linaweza kupanda na kushuka milimita mia moja na sabini kabla hujausikia mlima kwenye meno. Ikiwa mpya, bei yake unapata pikipiki na helmeti juu. Shemeji alikuwa na theluthi ya bei hiyo, pamoja na imani.

Ya kwanza aliiona kwenye simu. Mpya kabisa, rahisi, imepakwa rangi ya mtu mwenye hasira. Alituonyesha picha, Mama Spana akaitazama bila hata kufuta mikono.

"Hiyo shokapu ya nyuma ni hereni, baba. Imening'inizwa pale ipendeze. Haina kazi."

Ya pili ilikuwa ya kaboni, nyepesi kama deni la mtu mwingine. Muuzaji aliileta hadi karakana na kuizungusha kwa kidole kimoja. Shemeji akatoa kioo chake cha kukuzia, akapiga magoti, akaisoma fremu kama mtu anayesoma mkataba. Karibu na pedeli kioo kikasimama.

"Hapa pana ufa."

"Huo ni unywele," alisema muuzaji.

"Unywele wa nani?"

Muuzaji, mwenye kipara kinachong'aa, akaipunguza bei mara mbili, kisha akaondoka na baiskeli yake. Nilicheka wiki nzima. Shemeji hakucheka. Alihesabu kwamba amerudi nyuma miezi mitatu.

Ya tatu ilitoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Fremu ya alumini, umri miaka kumi, imebonyea hapa na pale lakini haina ufa. Breki zilikuwa nzima, beringi safi, na magurudumu ya kipimo cha zamani, madogo kuliko mtindo wa sasa. Ndiyo maana bei ilianguka hadi pale alipokuwa amesimama shemeji. Kitu kimoja tu: nyuma haikuwa na shokapu ya hewa, ilikuwa na springi ya chuma nene. Ya hewa unaipiga pampu kulingana na uzito wako. Ya chuma unainunua ikiwa imeshaamua.

"Una kilo ngapi, baba?" Mama Spana aliuliza.

"Sabini na nane."

"Basi imekuja nyumbani. Springi hii ni ya mtu wa sabini na nane hasa."

Kwa kawaida yetu kila mnunuzi hupanda kwenye mizani, awe mnene au mwembamba, aone haya au asione, kwa sababu watu hudanganya uzito kuliko umri. Lakini huyu alikuwa Milimita. Nani angemtilia shaka mtu anayepima unene wa karatasi kabla ya kuandika juu yake? Tukachukua neno lake. Akalipa pesa zote alizokuwa nazo.

Jumamosi hiyohiyo akamtumia mwalimu ujumbe: amepata baiskeli, Jumapili ya wiki inayofuata anaweza kuja? Jibu lilikuja Jumanne. Alinionyesha simu, ameishika kwa mikono miwili.

"Sawa"

Neno moja, bila nukta.

"Amekubali," shemeji alisema.

"Naona."

"Ameandika kwa herufi kubwa mwanzoni."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Nikaumeza.

Jumatano akarudi na baiskeli, na uso wa mtu aliyekuta nyumba yake ina chumba kimoja pungufu. Ukikaa kwenye baiskeli kama ile, shokapu ya nyuma inatakiwa izame kidogo kwa uzito wako, ili iwe na nafasi ya kucheza. Yake ilitakiwa kuzama milimita kumi na nane. Ilizama kumi na nne na nusu.

"Springi imeandikwa vibaya," alisema. "Nimepima unene wa chuma chake mara nne."

Mama Spana akamwangalia kuanzia viatu. Nadhani yeye alishajua.

"Panda pale."

Pale ni kwenye mizani yetu ya vifurushi. Akapanda. Ikasoma sitini na tatu.

"Mizani yenu ina kosa."

Sikubishana. Nikaenda duka la jirani la vifaa vya ujenzi, nikaazima mfuko wa saruji wa kilo hamsini, nikaubwaga juu. Mizani ikasema hamsini. Shemeji akautazama ule mfuko kama shahidi aliyenunuliwa.

"Mara ya mwisho ulijipima lini, baba?"

Akafikiri. "Kliniki. Tulienda na mke wangu. Tulikuwa tunatafuta mtoto."

Mama Spana akachukua kitambaa akaanza kufuta spana iliyokuwa safi. Mimi nikatazama saruji. Milimita tatu na nusu. Miaka miwili ya kukaa peke yake ilikuwa imemla kilo kumi na tano, na hakuna aliyeona, si sisi, si dada wa mapokezi, si yeye mwenyewe, hadi springi ikakataa kuzama.

Springi laini ilibidi iagizwe. Wiki sita, na bei ambayo hakuwa nayo tena. Na hii ngumu, Mama Spana alimwambia wazi, kwenye mawe itamrusha.

"Mwambie mwalimu utaenda baadaye," nilisema. "Mwezi na nusu si kitu."

"Nikimwambia baadaye, atasema sawa."

"Si ndiyo vizuri?"

"Halafu basi," alisema.

Nilimsindikiza kuipandisha baiskeli chumbani kwake, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba. Sikuwa nimefika pale tangu dada aondoke. Viti vilikuwa viwili, kimoja kina nguo zilizokunjwa kwa ncha kali. Kwenye kichanja cha vyombo palikuwa na sahani moja, kijiko kimoja na sufuria ya kumtosha mtoto.

"Shemeji, unakula nini?"

"Nakula." Akafikiri kidogo. "Kumpikia mtu mmoja ni hesabu mbaya. Ukipika kidogo kinaungua. Ukipika kingi, unakula jana."

Nilimwambia aje kula kwetu siku yoyote. Nililisema vilevile, kama chafya. Nikalisikia nikiwa ngazini, na sikurudi juu.

Jumapili Mama Spana akaniamuru niende na shemeji kwa baiskeli ya karakana, nibebe pampu na viraka. Nikamkuta chini ya mlima ana mkoba mgongoni, mkubwa kama wa mtu anayehama. Ulikuwa unagonga ndani kila akitikisika.

"Umebeba nini?"

"Chupa kumi. Lita moja na nusu kila moja."

Nilifanya hesabu. Lita kumi na tano ni kilo kumi na tano. Ameshindwa kuibadilisha springi, kwa hiyo amejibadilisha yeye. Amejirudishia mgongoni mwili wake wa zamani, wa maji.

"Milimita kumi na nane kamili," alisema. "Nimepima asubuhi."

"Na kupanda mlima je?"

"Kupanda ni kupanda tu."

Wale sita walikuwa wanafahamiana vizuri, utani wao ulikuwa unaanzia katikati. Mmoja alitaja jina la jiwe, wote wakacheka. Mwalimu alimpa shemeji mkono. "Ndiyo hii? Nzuri," akasema, akageuka kukaza viatu. Tukaanza kupanda. Saa mbili nzima shemeji alikuwa wa mwisho, na mimi nyuma ya wa mwisho, nikisikiliza chupa zinavyogongana na pumzi yake inavyochanika. Hakushuka hata mara moja. Kila kona wale wengine walikuwa wamesimama wakitusubiri, na kila tulipofika wakaondoka, kwa hiyo wao walipumzika na yeye hakupumzika.

Kileleni kuna mnara wa simu na kibanda cha mlinzi chenye bomba. Huwa wanajaza maji pale. Siku hiyo bomba lilitoa hewa, likakohoa, likanyamaza. Jua lilikuwa limekaa utosini. Chupa zao ndogo zilikuwa zimekwisha njiani.

Nilimwona shemeji akiangalia bomba, kisha mkoba, kisha njia ya kushuka ilivyojaa mawe. Alijua anachokitoa. Akafungua zipu.

Walikunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Mmoja alijimwagia kichwani nusu chupa, nikataka kumpiga na pampu. Ndani ya robo saa hakuna aliyecheka na mwenzake bila kumgeukia na shemeji pia. Wakamuuliza anafanya kazi gani. Wakamweleza habari ya lile jiwe lenye jina. Alikaa katikati yao chini, mikono juu ya magoti, anatikisa kichwa kwa kila neno.

"Lakini kaka, mbona umebeba maji yote haya?" mwalimu aliuliza.

Shemeji akazungusha kifuniko cha chupa mkononi. "Nilidhani tutakuwa wengi."

Ilibaki chupa moja. Nilimwambia kwa sauti ya chini ashuke kwa miguu, au ajaze mawe kwenye mkoba. Alisema mawe yangeonekana.

Wakateremka. Alidumu, nadhani, dakika tatu. Kwenye ngazi ya mawe springi ilifanya kazi yake kwa uaminifu: ikamtafuta mtu wa kilo sabini na nane, haikumkuta, ikamrusha. Nilimkuta kichakani, goti limechanika, baiskeli nzima.

"Meno?" nilimuuliza.

Akayapitishia ulimi. "Yote."

Tulitembea njia iliyobaki, saa moja na nusu, tukisukuma. Chini walikuwa wameshaondoka watano. Mwalimu alikuwa ameegemea gari lake, baiskeli imefungwa juu, anaangalia saa. Alipoona goti akaleta sanduku la dawa, akamfunga mwenyewe. Akasema, "Jumapili ijayo tunapitia upande wa pili. Kule hakuna hata bomba la kuharibika. Utakuja?"

"Nitakuja."

Baada ya wiki sita springi laini ilifika. Mama Spana alikuwa ameiagiza kimyakimya, akasema atalipwa siku yoyote. Niliibeba hadi kwa shemeji, pamoja na spana, nimfungie palepale. Alikuwa amekwisha kwenda Jumapili tano. Ameanguka tatu. Aliigeuza mkononi, akasoma namba.

"Iache kwanza."

"Shemeji, utavunja shingo. Ukiwa na hii utashuka nao hadi chini, mkoba mtupu."

"Nikiwa na hii, nitapanda na mkoba wa nini?"

"Unaweza kwenda bila mkoba. Wameshakuzoea. Watakuita hata bila maji."

"Una hakika?"

Mimi ni mtu wa maneno, yamenifukuzisha hata chuoni. Siku hiyo nilitafuta moja tu, sikulipata. Akaiweka springi kwenye kile kiti cha pili, juu ya nguo, akaenda kwenye sinki na kuanza kuzipanga chupa.

"Kesho mtakuwa wangapi?" nilimuuliza.

"Mwalimu hajasema," alijibu, akazijaza zote kumi.