Vumbi Jeupe Kifuani

Miaka thelathini Bibi Sabuni alipiga deki wodi ya upasuaji, na doa lililomshinda halijazaliwa. Alipostaafu, chuo kikampa kazi ya kutunza sisimizi, naye akahamia na ndoo yake. Chumba kilikuwa na joto la kuleta usingizi: makasha ya vioo, mirija, na maelfu ya sisimizi wakipita wamejitwika vipande vya majani. Majani yenyewe hawakuyala. Waliyatafuna wakarutubishia shamba lao la kuvu, kijivu, laini kama sifongo, na kuvu hiyo ndiyo iliyolisha ukoo mzima, malkia na watoto.

Baada ya chai Bibi Sabuni alizoea kuegemea kioo, macho yakamlegea, akajiona amekuwa mdogo kama punje, anapita pekupeku kwenye vyumba vya kuvu, na hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Aliwapenda wale wadudu. Usimcheke, wapo wanaopenda mpira.

Ila walikuwa na jambo moja lililomkera: vumbi jeupe kifuani. Akajiambia hawa wameota ukungu. Daktari, binti mtafiti aliyekuwa msimamizi wake, alikuwa safarini wiki mbili. Basi Bibi akachukua kibanio, pamba na dawa ya vidonda, akawapangusa mmoja mmoja, siku nne nzima, mpaka wakang'aa. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Siku ya tisa doa la kijani likatokea shambani. Kesho yake lilikuwa upana wa kiganja. Sisimizi walilipalilia bila kupumzika, wakalitupa punje kwa punje, nalo likazidi kutambaa kuelekea kwa malkia. Bibi Sabuni hakula mchana.

Daktari aliporudi, Bibi hakumung'unya maneno.

"Mwanangu, nimewaua. Niliwaosha lile vumbi."

Daktari akajibwaga kitini. "Jamani, Bibi! Lile si uchafu. Ni bakteria. Wanaishi pale kifuani, wanatengeneza dawa ya kuzuia huo ukungu wa kijani. Bila wao shamba linaliwa, na sisimizi wenyewe wanakufa njaa."

"Basi tuwarudishie."

"Hatuwezi sisi. Mtoto akishatoka kwenye ganda, wakubwa ndio wanaomwambukiza bakteria hao, siku hiyohiyo. Labda kama kuna uliowaruka."

Bibi Sabuni akavuta kigoda mbele ya kioo. Maisha yake yote hakuwahi kuomba awe ameacha mahali bila kusafisha. Sasa aliomba, midomo ikicheza, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku sisimizi weusi wanaong'aa wakipita mbele yake kama ndoto mbaya isiyokwisha.

Siku ya nne, chini kabisa karibu na malkia, akamwona kikongwe mwenye miguu mitano amemwinamia mtoto aliyezaliwa asubuhi ile, anampapasa taratibu. Kifua cha kikongwe kilikuwa cheupe pe.

Daktari alisikia sauti ya Bibi kutoka mwisho wa korido, inacheka na kulia kwa pamoja:

"Mwanangu, njoo uone! Yupo mchafu mmoja!"