Hoho Nyekundu za Magdalene

"Mama Lynn, hizo hoho za shosho Magdalene uziache kabisa," Emmah alisema, huku akikatakata sukuma wiki kwenye kibanda chake cha mboga. "Ameanza kuchanganya na pilipili kali makusudi. Juzi mtoto kule Kiuu alilia mpaka akatapika. Mtu mzee akikosa wajukuu wa kumtembelea, roho inachacha."

"Aki Emmah! Makusudi?"

"Kwani ni mimi nalima?"

Kui alikaza leso aliyombebea mtoto. Lynn wake wa miaka miwili alikuwa mgongoni akinyonya ncha ya leso, na tangu aote meno hakupenda kitu kama hoho nyekundu ya Magdalene, mbichi, iliyokatwa vipande virefu. Hapa Gatongora wengi huchuma hoho ikiwa kijani, wawahi soko. Magdalene huiacha kwenye shina wiki tatu zaidi, iive, iwe tamu ya kuliwa kama tunda. Zinazobaki huzichoma kwenye jiko, akazimenya, akazitia kwenye chupa na siki na sukari. Wanawake wa viwanda vya Thika hupitia kwake Jumapili wakitoka kanisani, wachukue chupa za kulia wali wa saa saba wakiwa kazini.

Mbegu hanunui. Kila msimu huchagua shina moja lililomfurahisha, akaanika mbegu zake juu ya gazeti. Miaka tisa sasa.

Kui hakumwamini Emmah, lakini hakuweza kumkatalia pia. Akashika njia. Alimkuta Magdalene katikati ya kishamba chake nyuma ya nyumba za kupanga, jembe mkononi, mashina mawili yamelala chini na hoho zake.

"Shosho, unafanya nini?"

"Nang'oa. Yote. Umesikia wanavyosema, usijifanye."

"Nimesikia. Si ni uongo?"

"Kwamba kuna kali ni kweli. Makusudi ndiyo uongo." Akaonyesha ua wa jirani kwa kidevu. "Mwaka jana Gachau alipanda pilipili hapo kandokando, ati kuku wake wasivuke. Kuku walivuka, na nyuki nao wakavuka. Nilijua nyuki huchanganya maua, nikasema aah, ni mstari mmoja tu, utafanya nini. Nikatoa mbegu kwa shina la karibu na ua. Sasa ona."

"Yote ni makali?"

"Sijui. Kwa macho siwezi kujua."

"Si uonje, shosho? Makali tung'oe, matamu tuache."

Magdalene alichuma hoho moja, akaiuma pamoja na mbegu, akatafuna taratibu. Uso haukubadilika hata kidogo.

"Hii iko sawa," akasema.

Kui akapokea kilichobaki, akauma. Woi! Moto ulimshika ulimi, ukapanda mpaka masikioni. Aliinama akihema, na katikati ya machozi akamtazama yule mama, ambaye bado alikuwa akitafuna kama mtu anayekula kabichi. Ndipo akaelewa.

"Shosho," akasema polepole, "huisikii?"

Magdalene alitema, akapangusa mdomo.

"Tangu ile homa mbaya iliponishika. Chumvi, sukari, pilipili, vyote kwangu ni ugali baridi. Achari napima kwa kikombe, mkono unajua. Lakini hapa mkono haujui kitu. Nikisema, nani atanunua chakula kwa mtu asiye na ulimi? Afadhali ning'oe."

"Basi usiseme. Leta kisu na maziwa mala."

Alimshusha Lynn, akamketisha juu ya gunia mbali kidogo na hoho, kisha wakaanza mstari wa kwanza. Kui alikata kipande chembamba karibu na kikonyo, pale kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, kwa sababu ukali hujificha hapo na ncha inaweza kukudanganya. Anaonja, anangoja. Ikiwaka, anakunywa mala, na Magdalene anafunga kitambaa kwenye shina.

Shina la kwanza liliwaka. La pili pia. Magdalene akafumba macho.

"Haya, la tatu."

"Tamu."

"Usinihurumie, mama Lynn."

"Tamu, shosho! Kwani nalia?"

La nne tamu, la tano tamu. Waliendelea mpaka midomo ya Kui ikafura na mala ikaisha. Kati ya mashina thelathini na moja, yaliyofungwa kitambaa yalikuwa sita tu.

Magdalene alirudia kuyahesabu, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka akijishika kifua.

"Ngai! Nilikuwa karibu kuzika watoto walio hai."

"Na hayo sita?"

"Nitampelekea Gachau. Apande kwa wakwe zake."

Kui alicheka, ingawa midomo ilimuuma. Emmah angeambiwa ni nyuki, basi, hayo mengine hayamhusu. Akanawa mikono kwa sabuni mara tatu kabla ya kumgusa mtoto, akamkatia Lynn kipande cha hoho tamu. Maji mekundu yakamtiririka kidevuni.

Magdalene alimtazama mtoto akitafuna mpaka akamaliza. Kisha akachuma nyingine, iliyoiva sana, akaifuta kwa kanga, akampa Kui.

"Hii usionje kwa ajili ya shamba," akasema. "Uile polepole, usimeze haraka. Halafu unieleze ladha yake ilivyo. Yote, mama Lynn, usiruke kitu."